"Imeisha Hiyo, Siz": Kabla Ununue Kompyuta Nyingine, Pima Hii

Wasee, leo sina story ya mapenzi wala ya wanasiasa. Leo tunaongea kuhusu ile kompyuta iko kwa nyumba yenu, ile inajizima yenyewe ukiwa katikati ya kitu, na kila mtu ashakuambia "hiyo imezeeka, nunua ingine." Maoni yangu ni haya: usinunue chochote kabla hujapima. Tunapoteza pesa nyingi sana kwa kukisia. Na mtu mwenye pesa kidogo ndiye hafai kukisia kabisa, kwa sababu akilipia kitu ambacho hakikuwa shida, hana ya kulipia kile ambacho ndicho shida.

Wageni wa hapa, nijitambulishe. Nina miaka 22. Nilitoka chuo mwaka wa pili, karo ilipokataa kupatikana, na tangu hapo nakula kwa video. Natengeneza zangu za kuweka hapa, na naeditia watu zao: harusi, ruracio, mazishi, matangazo ya saluni na ya watu wa keki. Mashine yangu ni ile sanduku ya ofisi tunaita ex-UK. Ofisi za Uingereza zikimalizana nazo zinaletwa huku, sisi tunaziokota tukishukuru Mungu. (Na sisi sanduku lote tunaita CPU, ingawa CPU ni kile kidude kimoja tu ndani. Tuachane na hiyo, sote tunaelewana.) Nililipa 14,000. Ilikuja na prosesa ya i5, diski ya GB 500 na RAM ya GB 8, vipande viwili vya GB 4. Baadaye nikaongeza vipande vingine viwili vya mtumba, ikawa GB 16. Hiyo ndiyo ofisi yangu, hapo kando ya kitanda, Githurai.

Mwaka uliopita ikaanza vituko. Naediti, skrini inageuka buluu, inaandika msimbo fulani, inajiwasha upya. Kesho yake msimbo ni mwingine. Siku ingine haina neno, nachapa kazi masaa sita. Siku ingine video ikishatoka ina mstari wa kijani unapita kwa uso wa mtu, na ukirudi kwa klipu ya asili kwenye kadi, huo mstari hauko. Faili nilizofunga pamoja zinakataa kufunguka.

Na wakati huo nilikuwa na kazi ya mazishi ya mzee mmoja. Familia ilikuwa imenilipa nusu. Klipu 47. Watoto wake wengine wako nje ya nchi na hawakuweza kufika, kwa hivyo hiyo video ndiyo ilikuwa mazishi yao. Harusi unaweza kuomba watu wavae tena mpige picha mbili tatu. Mazishi hakuna kurudia.

Nikafunga sanduku kwa leso, nikapanda mathree nikiwa nimeipakata kama mtoto, nikafika mjini kwa fundi mmoja. Akaiwasha, akaitazama kama dakika tatu, akazima. "Siz, imeisha hiyo. Madabodi imeenda. Ni 9,500, na ya mkono ni 1,500." Nikamuuliza, umejuaje ni madabodi? Akasema, "Hizi za ex-UK huwa hivyo." Nikamuuliza tena kama amejaribu RAM. Akacheka kidogo, akaniambia haya ni mambo ya mafundi, nitapigwa na stima bure.

Sikuwa na 11,000. Lakini hata ningekuwa nayo, jibu la "huwa hivyo" halinitoshi. Daktari akikuambia "watu wa Githurai huwa na typhoid" kabla hajatoa hata tone la damu, utameza dawa? Nikafunga leso yangu, nikarudi nyumbani.

Sasa kabla niwaambie nilifanya nini, tuelewane RAM ni nini, kwa sababu hapo ndipo watu wengi hudanganywa.

Fikiria mama mboga. Asubuhi na mapema anaenda Marikiti, analeta magunia, anaweka nyuma ya kibanda. Hayo magunia ndiyo diski: mzigo mwingi, unakaa hapo hata usiku. Ile meza ya mbele ambapo ameweka nyanya za kuuza saa hii ndiyo RAM. Meza ikiwa ndogo, kila mteja akija mama anainuka kwenda kwa gunia, na foleni inakua. Jioni meza inafagiwa yote. Ndiyo maana stima ikipotea kabla uhifadhi kazi yako, imeenda: ilikuwa mezani, haikuwa kwa gunia.

Ndani ya RAM kuna vijishimo vidogo sana vinavyoshika chaji ya umeme. Kikiwa na chaji ni 1, kikiwa hakina ni 0. GB 8 ina vijishimo zaidi ya bilioni 68. Na vyote huvuja! Kwa kawaida kila kimoja lazima kijazwe upya ndani ya milisekunde 64, mchana kutwa, bila wewe kujua. Sasa katika hao bilioni 68, wachache wakichoka, wanasahau. Ulikuwa umeweka 1, ukirudi unakuta 0.

Biti moja ni kitu kidogo, si ndio? Basi angalia hii. Jinsi kompyuta inavyoandika tarakimu, "1" na "9" zinatofautiana kwa biti moja tu. Biti hiyo ikigeuka, 1,000 inasomeka 9,000. Fikiria hiyo kwa daftari la madeni.

Na si hadithi. Mei 2003, kwenye uchaguzi wa Ubelgiji, katika mji wa Schaerbeek, mgombea mmoja alipata kura 4,096 za ziada ambazo hakuna mtu alimpigia. Walishtuka kwa sababu hesabu haikuwa inawezekana. Sasa 4,096 ni 2 ukizidisha yenyewe hadi ziwe 2 kumi na mbili, yaani ni thamani ya biti moja kamili. Wataalamu walitafuta kosa kwenye programu wakakosa, na maelezo waliyobaki nayo ni biti moja iliyojigeuza ndani ya kumbukumbu ya mashine.

Kwa hivyo hatari kubwa ya RAM mbovu si kujizima. Kujizima angalau unaona. Hatari ni kwamba inadanganya na uso mkavu. Unakili klipu kutoka kwa kadi kwenda kwa diski, inapitia kwa RAM, inatoka imeharibika kidogo, na kompyuta inakuambia "tayari". Seva kubwa huwa na RAM ya aina ya ECC inayojisahihisha. Hizi zetu za nyumbani nyingi hazina.

Habari njema ni moja. Mwaka 2009 watafiti wa Google na wa Chuo Kikuu cha Toronto walichapisha utafiti wa RAM kwenye mashine nyingi sana za kazini. Waliona kwamba zaidi ya asilimia 8 ya vipande vya RAM vilipata makosa ndani ya mwaka, na kwamba makosa mengi yalitokana na kifaa chenyewe kuharibika, si bahati mbaya ya mara moja. Maana yake kwetu ni hii: kipande kibovu hurudia ubovu wake. Na kitu kinachorudia, kinaweza kushikwa.

Basi nilishika hivi.

Kwanza, sikugusa kadi ya kamera. Kwa kazi yangu kadi haifutwi mpaka mteja apokee video na aseme ameridhika. Nikaiweka kwa bahasha, bahasha kwa kabati.

Pili, nikatoa daftari. Ya mkono, ya kurasa 48. Nikaandika kila siku: saa ngapi imeanguka, nilikuwa nafanya nini, skrini ilisema nini au ilikaa kimya. Hii hatua watu huiruka na ndiyo ya maana kuliko zote. Baada ya siku tatu nikaona kitu: kulikuwa na aina mbili za kuanguka. Kuna ile ya skrini ya buluu na msimbo, ambayo ilikuja nikifungua video nzito. Na kuna ile ya kuzima pap! kama mtu amechomoa waya, bila buluu, bila neno, hata nikiwa nasikiliza ngoma tu. Ningekuwa nakisia, ningesema ni shida moja. Daftari ilisema ni mbili. Kumbuka hapo, tutarudi.

Tatu, nikafungua sanduku. Hapa nisikilize vizuri. Zima, chomoa waya kwa ukuta, halafu bonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde kadhaa ili umeme uliobaki uishe. Gusa chuma cha sanduku kabla uguse kitu kingine, ndiyo chaji ya mwili wako isiue kitu. Na ile pawa saplai, lile sanduku dogo la chuma ambalo waya ya ukuta huingilia, usilifungue kamwe. Ndani yake kuna umeme unakaa hata baada ya kuchomoa. Hapo ndipo yule fundi angekuwa sahihi kuhusu kupigwa na stima. Kwingine kote hakuna cha kukuua.

Vumbi ilikuwa ya kupanda maharagwe. Nikaitoa kwa brashi laini, nikiwa nimeshika feni isizunguke. Nikatoa vipande vyote vinne vya RAM, nikasugua zile meno za dhahabu polepole kwa raba ya shule, mbali na mashine ili unga usiingie ndani, nikarudisha mpaka nikasikia "tak" pande zote mbili. Mara nyingi shida ya RAM huwa ni hiyo tu, kipande hakijakaa vizuri. Ukiwasha na skrini ni nyeusi, mashine inalia milio milio au taa inapepesa, hesabu milio. Haijilialii tu, inakuambia ugonjwa wake. Tafuta modeli yako na idadi ya milio, utapata maana yake.

Yangu iliwaka vizuri. Ikaanguka tena kesho yake. Sawa, nikaandika: vumbi si shida, kukaa vibaya si shida. Hiyo pia ni habari.

Nne, nikapima RAM yenyewe. Windows huja na kipimo chake. Andika mdsched pale pa kutafutia, itajiwasha upya na kupima. Nikakipitisha, kikasema hakuna shida. Wengi wangeishia hapo. Lakini kipimo kifupi kikipita, kinamaanisha tu kwamba hakikuona. Nikachukua MemTest86, ni ya bure, unaiweka kwa fleshi na kompyuta inawaka kutoka kwa hiyo fleshi, Windows ikiwa imelala kabisa. Kitufe cha kuchagua fleshi hutofautiana, kwingine ni F12, kwingine F9 au Esc. Kazi yake ni rahisi: inaandika kitu kwa kila kijishimo, inarudi kusoma, inalinganisha. Ikikuta tofauti inakuonyesha kwa maandishi mekundu.

Niliiacha usiku. Haikuhitaji usiku. Dakika kama 40 hivi, nyekundu ikaanza kujaa skrini.

Manze, sijawahi kufurahia kosa hivyo. Kwa sababu mpaka hapo nilikuwa na "huwa hivyo", na sasa nilikuwa na ushahidi.

Lakini bado sikukimbilia duka. Nyekundu ilisema kuna shida kati ya RAM na prosesa. Haikusema ni kipande gani, au kama ni sloti, ambayo iko kwa madabodi. Kama ni sloti, basi fundi alikuwa karibu na ukweli. Hapa ndipo kanuni kubwa inaingia, na kama utasahau yote mengine shika hii: badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Ukibadilisha viwili na ikapona, hujui nini kimeiponya. Ikikataa, hujui nini kimekataa.

Nikabandika selotepu kwa kila kipande nikaandika A, B, C, D. A na B ndizo zilikuja na mashine. C na D ndizo niliongeza. Kila usiku kipande kimoja, sloti ya kwanza, raundi 4 za kipimo, nalala. Usiku wa kwanza A, safi. Wa pili B, safi. Kuanzia hapo mchana nilikuwa nafanya kazi na A na B pekee, polepole lakini bila kuanguka kwa buluu. Usiku wa tatu C, safi. Wa nne D, nyekundu kabla hata sijapiga mswaki.

Bado swali moja. Nikahamisha D kwa sloti ya tatu: nyekundu. Nikaweka A kwa sloti hiyo hiyo ya tatu: safi. Ubovu ulimfuata D popote alipoenda, na sloti zilikubali wengine. Kwa hivyo madabodi ilikuwa mzima kama kigongo. Kipande kimoja cha GB 4 ndicho kilikuwa kinaniharibia maisha.

Sasa ile kazi ya mazishi. Kama D ilikuwa ndani wakati nanakili zile klipu, je, ziko sawa? Kuzitazama zote 47 hakutoshi, jicho haliwezi kuona biti. Kuna amri kwa Windows inaitwa certutil. Unafungua lile dirisha jeusi la amri, unaandika certutil -hashfile, kisha jina la faili, kisha SHA256, inakupa mstari mrefu wa herufi na namba ambao ni kama alama ya kidole ya hiyo faili. Biti moja ikibadilika, alama yote inabadilika. Nikapima klipu za kwenye kadi na zile za kwenye diski, nikitumia A na B ambazo zilikuwa zimeshapita, kwa sababu huwezi kupima uongo ukitumia mwongo.

Klipu 44 zililingana. Tatu zilikataa. Moja kati ya hizo tatu ilikuwa ya binti mkubwa wa mzee akimuaga baba yake, dakika kumi na moja, na katikati picha ilikuwa inavunjika vipande na sauti inapotea. Nilikuwa nimedhani ni kamera. Nikatoa kadi kwa bahasha, nikanakili upya hizo tatu, nikapima alama tena, zikalingana. Nikaitazama ile ya binti mwanzo hadi mwisho. Sauti yote ilikuwepo.

Fikirieni ningelipa ile 11,000. Madabodi mpya ingewekwa, D angerudishwa kwa sloti yake mpya akikaa kama mfalme, na klipu zingeendelea kuharibika moja moja. Na kadi ningeshaifuta, kwa sababu "kompyuta si imetengenezwa?"

Ile aina ya pili ya kuanguka, ya kuzima pap, haikuisha D alipotoka. Daftari ilikuwa imenitayarisha kwa hilo. Windows huweka rekodi ya matukio, na kila mara nilikuta tukio linaitwa Kernel-Power, namba 41. Hilo linasema tu kwamba mashine ilizimika bila kuagwa. Likija bila msimbo wowote wa buluu, anza kuangalia umeme. Nikaanza na kitu cha bei rahisi kuliko vyote: nikachomoa kwa ile ekstensheni inayobeba pia friji ndogo na pasi, nikachomeka moja kwa moja kwa ukuta. Wiki mbili, haikuzima hata mara moja. Nikanunua ekstensheni ya maana. Shida mbili, sababu mbili, na hakuna hata moja ilikuwa madabodi.

Hesabu: kipande kipya cha RAM, cha mtumba lakini nikipimiwa mbele yangu, 900. Raba, 20. Nauli, 160. Ekstensheni, 850. Jumla 1,930. Niwekee hiyo kando ya 11,000 uniambie kama muda wangu wa usiku nne ulipotea.

Lakini nisimkandamize fundi peke yake, kwa sababu nimefikiria sana kuhusu hii kitu. Hebu niambie, ni nani kati yetu hulipa fundi kwa kupima? Tunafika pale, tunataka jibu saa hiyo hiyo, tukiwa tumesimama, mathree inangoja. Akisema "niachie siku nne nipime, utalipa hata kama sitapata kitu", tunaenda kwa jirani yake. Tunalipa vipuri, hatulipi akili. Basi yeye naye anajifunza kuuza vipuri. Ukimlipa mtu kwa kukisia, atakukisia. Siku hizi nikipeleka kitu mjini nasema mapema: nina mia tano ya kupima tu, nionyeshe ushahidi, halafu tuongee bei ya kutengeneza. Kuna wanaokasirika. Na kuna wale macho yao huwaka, kwa sababu hatimaye mtu amewaomba wafanye kazi wanayoijua.

Na kabla ufungue chochote, hakikisha kuna ugonjwa. Polepole na mgonjwa ni vitu viwili. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc pamoja, angalia sehemu ya kumbukumbu. Kama una GB 4 na imejaa asilimia 95 ukiwa umefungua tabo thelathini, hiyo si mbovu, meza ni ndogo. Kama RAM ina nafasi lakini diski iko asilimia 100 kila wakati, na ni ile diski ya zamani ya kuzunguka, SSD itakusaidia kuliko RAM. Kama inagonga gonga kama mtu anabisha mlango, hifadhi vitu vyako leo, si kesho. Kama saa na tarehe hurudi nyuma kila ukichomoa waya, ni ile betri ndogo ya duara ya CR2032. Watu wameuza kompyuta nzima juu ya hiyo betri, wallahi.

Ukienda kununua RAM, jua yako ni aina gani kabla utoke nyumbani. DDR3 na DDR4 haziingiliani, pengo la katikati liko mahali tofauti kwa makusudi, kwa hivyo ikikataa kuingia usisukume. Ya laptopu ni fupi. Na kama Windows yako ni ile ya biti 32, hata ukiweka GB 16 haitatumia zaidi ya 4, kwa hivyo usilaumu RAM.

Watu wangu hupenda kuniuliza kama najuta kutomaliza chuo. Siku nikipata karo tutaongea. Ila kitu kimoja nimeona: tabia ya kuuliza "umejuaje?" haihitaji cheti, na walio na vyeti pia hukosa. Inakuokoa kwa kompyuta, na kwa shamba unalouziwa, na kwa dawa ya ngozi mtu anakuuzia akiwa live. Kitu kimoja kwa wakati mmoja. Andika ulichoona. Anza na cha bei rahisi. Usitupe cha asili mpaka uhakikishe nakala.

D bado niko naye, amening'inia kwa ufunguo wa nyumba. Hafai kwa kompyuta, lakini kwa funguo hajawahi kusahau kazi yake. Nyinyi nendeni mkatoe ile CPU chini ya meza, mfute vumbi, mnunue daftari ya kurasa 48. Pesa zingine wekeni kwanza.